Nimetoa marumaru za zamani bafuni, ukuta umebaki mashimo. Fundi anataka kubandika mpya kesho

Mama_wa_Segerea:

Habari za majukumu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mafundi mliomo humu, maana nina fundi nyumbani na sina amani na anachotaka kufanya.

Nyumba iko Tabata Segerea. Bafu lilikuwa na marumaru ndogo za zamani, sentimita 20 kwa 30, zilizobandikwa kwa saruji. Upande wa bomba la mvua zilianza kuachia zenyewe, mbili zikaanguka usiku tumelala. Tukaamua zitoke zote. Fundi ametoa kwa nyundo na tindo, na sasa ukuta unatisha. Kuna sehemu saruji ya zamani imeng'ang'ania madonge madonge, kuna sehemu lipu imetoka yote hadi tofali linaonekana, na penye koki kuna shimo ambalo ngumi yangu inaingia. Lipu iliyobaki ukipitisha kiganja, mchanga unapukutika. Chini, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, ukuta una ubichi japo bafu hatulitumii tangu kazi ianze.

Nimeshanunua marumaru za 30 kwa 60, za kung'aa, pamoja na gundi. Fundi anasema kesho anaanza kubandika na mashimo atayajaza kwa gundi hiyohiyo, eti gundi ina nguvu kuliko lipu, siku mbili amemaliza. Mama mkwe anakuja kutoka Songea mwisho wa mwezi, anatembea kwa shida, kwa hiyo bafu la ndani lazima liwe tayari. Lakini roho yangu inakataa. Nimruhusu? Na kama si hivyo, ukuta huu unatengenezwaje?

Kijana_wa_Ubungo:

Pole dada. Kwangu jikoni fundi alijazia gundi kwenye vishimo na mpaka leo hazijaachia. Ila vilikuwa vidogo, na pale hapamwagiki maji kama bafuni. Ngoja mafundi waje.

Fundi_Mtoni_Kijichi:

Dada yangu, msimamishe. Hakuna haja ya kugombana naye, mwambie kesho kazi ni ukuta, marumaru zitasubiri kwenye boksi.

Kwanza tujue kwa nini zile mbili zilianguka, maana ukilirudia kosa lilelile na hizi mpya zitakufuata. Okota moja kwenye kifusi uigeuze. Mgongo ukiwa msafi, hauna saruji, basi saruji haikuishika: marumaru haikulowekwa, au saruji ilikauka kabla ya kubandikwa. Mgongo ukiwa umebeba saruji na nyuma yake kuna lipu imekuja nayo, basi lipu ndiyo iliyoshindwa. Kwa huo mchanga unaopukutika nadhani utakuta hilo la pili. Hiyo ni lipu iliyochanganywa saruji kidogo, au haikumwagiliwa maji ilipokuwa changa. Na lipu iliyoshindwa kubeba marumaru ndogo haitabeba za 30 kwa 60. Marumaru ya ukutani ya unene wa milimita 8 au 9 huwa na kilo 15 au zaidi kwa kila mita ya mraba, hapo gundi hujaihesabu. Gundi iwe kali namna gani, inashika kile ilichopakwa juu yake. Lipu ikiachia tofali, gundi na marumaru vinashuka pamoja.

Kuhusu kujaza mashimo kwa gundi: gundi ya marumaru imetengenezwa kukaa nyembamba, kawaida milimita 3 hadi 6 baada ya kukandamizwa. Soma mfuko wako, unene umeandikwa. Ukiijaza kwenye shimo la sentimita 3, juu inakauka na ndani bado mbichi, kisha inaponywea inaivuta marumaru, na ile nzito inateleza taratibu kabla haijashika. Halafu ni hasara. Shimo linalomeza karai moja la mchanga na saruji litakula mfuko mzima wa gundi.

Sasa ukuta. Chukua mpini wa bisibisi na kipande cha chaki, uanzie kona ya juu, ugonge kila kiganja hadi chini. Penye afya sauti inakuwa nzito na fupi. Palipoachia panalia kama debe tupu, na hapo unazungushia chaki. Ukimaliza chukua msumari uparue zile sehemu zilizolia vizuri. Msumari ukiacha mstari mwembamba tu, lipu ni nzima. Ukichimba mfereji na mchanga ukashuka, nayo izungushie. Vyote vilivyozungushiwa vinatoka hadi kwenye tofali. Kwa upande wa bomba la mvua, kama zaidi ya nusu imeachia, usihangaike na viraka, toa lipu ya ukuta huo wote. Viraka vingi juu ya lipu dhaifu ni kazi mara mbili.

Lakini atoe kwa ustaarabu. Kuta nyingi za vyumba vya ndani Dar ni tofali la inchi 5 au 6. Ukilipiga tindo wima kwa nyundo kubwa, tofali linacheza kwenye maungio na nyufa unaziona sebuleni upande wa pili. Tindo lilazwe, nyundo ndogo, aanzie penye uwazi akielekea pembeni. Kingo za sehemu inayobaki azikate kwa grenda ziwe wima. Lipu mpya ikimalizikia kwenye ukingo mwembamba unaoteleza, hapo ndipo ufa wa kwanza unapotokea. Madonge ya saruji ya zamani kwenye lipu nzima ayachonge yawe sawa na ukuta. Na tafadhali, miwani na barakoa, kwake na kwa saidia fundi wake. Vumbi la grenda kwenye saruji linaharibu mapafu, na vipande vya marumaru vinakata kama wembe.

Kabla shimo la koki halijazibwa aje fundi bomba. Huo ubichi wa chini unanitia wasiwasi kuliko mashimo yote. Fanya hivi: funga maji ya bafu hilo kwenye koki kuu, kisha bandika kipande cha nailoni ukutani hapo chini, kingo zote nne zizibwe kwa utepe wa gundi, kikae siku mbili. Nailoni ikitoa jasho upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ukuta ukianza kukauka baada ya kufunga maji, bomba linavuja. Usipokauka kabisa, maji yanapanda kutoka msingini au yanatoka chini ya sakafu ya bafu lenyewe. Usipige lipu mpya kabla ya kulijua hilo. Nikishajua jibu nitakwambia la kufanya.

Swali: sakafu mnaiacha, au hizo za kung'aa zinakwenda na chini?

Mkazi_wa_Kigamboni:

Fundi naomba nidandie hapohapo. Kwangu ukuta wa bafu baada ya kutoa marumaru unatoa unga mweupe. Nikifuta unarudi baada ya siku chache. Ni fangasi? Wengine wananiambia nipige dawa ya fangasi halafu nibandike.

Fundi_Mtoni_Kijichi:

Kaka, chukua unga huo kidogo uweke kwenye kikombe cha maji safi. Ukiyeyuka wote, ni chumvi, na dawa ya fangasi haitasaidia kitu. Chumvi inasafirishwa na maji yanayopita ukutani, maji yanakauka juu na yenyewe inabaki. Ukibandika juu yake, inakomaa nyuma ya marumaru na kusukuma.

Piga brashi ngumu ikiwa kavu, unga uangukie kwenye karatasi ukautupe nje. Usianze na kuosha kwa maji mengi, maana chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Rudia kila inapotoka. Ikipungua hadi kuisha, chanzo kilikuwa unyevu wa zamani na unaweza kuendelea. Isipoisha, uliza nyumba ilipigwa lipu kwa mchanga gani. Huko kwenu na ukanda wote wa pwani wapo wanaojengea mchanga wa baharini ambao haukuoshwa kwa sababu uko karibu na ni rahisi. Lipu ya mchanga huo haina tiba, inatoka yote.

Mama_wa_Segerea:

Fundi shikamoo, na ahsante sana. Nimemsimamisha. Amenuna kidogo ila tumekaa tukaongea na amekubali, anasema tu nimlipe kazi ya lipu kivyake.

Nimefanya ulivyosema. Marumaru nilizozigeuza karibu zote zimekuja na lipu mgongoni. Ukuta wa bomba la mvua unalia tupu zaidi ya nusu, na nilipoparua msumari umezama. Ukuta unaopakana na sebule ni mzima isipokuwa viraka vichache karibu na mlango. Nailoni ilitoa jasho siku ya kwanza, lakini tangu tufunge maji ukuta unakauka, rangi inaanza kufunguka. Fundi bomba amekuja jana, amekuta kiungo kinadondosha ndani ya lile shimo, tone kwa tone.

Sakafu ndiyo, nilifikiri nitumie hizohizo zilizobaki ili zifanane. Na siku zangu zinaniishia, mama anafika mwisho wa mwezi.

Fundi_Mtoni_Kijichi:

Marahaba dada. Basi kiungo ndicho kilichokuwa kinalowesha, hiyo ni habari njema, maana maji ya kupanda kutoka msingini yangekuwa kazi nyingine kubwa. Kikishatengenezwa, kabla ya kuziba shimo, koki zote zifungwe, tangi lijazwe, bomba likae na maji usiku mzima. Asubuhi lipapase kila kiungo kwa kitambaa kikavu au karatasi laini. Tone dogo linaonekana kwenye karatasi kabla ya macho kuliona.

Na fundi bomba asiondoke kabla ya kupanga urefu wa midomo ya bomba. Lipu itaongeza sentimita moja na nusu hivi juu ya tofali, halafu gundi, halafu unene wa marumaru. Mdomo wa bomba uje kuwa sawa na uso wa marumaru. Mafundi wengi wanauacha sawa na lipu, mwisho koki haikazi, inalazimu kuunga kipande, na hapo ndipo maji yanapoanza tena kupita nyuma.

Shimo lenyewe lijazwe kwa vipande vya tofali na mchanganyiko mkavu kiasi wa saruji moja kwa mchanga tatu, ushindiliwe, usiachwe na mapango kuzunguka bomba. Likae hadi kesho yake.

Sasa naomba uniruhusu niongee habari ya mama, kwa sababu ukuta uko wazi na nafasi hii haitarudi. Mtu anayetembea kwa shida anahitaji bomba la kushikilia, na bomba hilo likifungwa kwenye lipu tupu litang'oka siku atakayoliegemea kwa uzito wote. Chagua sehemu mbili: pembeni ya anapokalia kuogea na karibu na choo kama kiko humohumo. Kimo cha sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni kinawafaa wengi, ila mpigie simu umuulize kimo cha kiganja chake akiwa amesimama na fimbo. Angalia tofali la hapo. Likiwa limepasuka au linacheza, litolewe na pajazwe zege la kokoto ndogo, ili boliti zipate pa kuuma. Piga picha na uandike vipimo kutoka kona, kwa sababu marumaru zikishafunika hutajua zege liko wapi. Na hizo za kung'aa nakuomba zisikanyagwe na mguu wa mama. Kwenye maji na sabuni zinateleza vibaya sana. Sakafuni tafuta zenye uso wa kukwaruza, ndogo kiasi, maana mistari mingi ya grauti, ile ya kuziba mianya kati ya marumaru, nayo inasaidia mguu kushika. Zilizobaki zitunze, siku moja ikipasuka ya ukutani hutaipata tena ya rangi ileile dukani.

Lipu mpya: mchanga wa mtoni uliochekechwa, ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne za mchanga. Apime kwa ndoo. Koleo halina kipimo, la kwanza linajaa na la mwisho nusu, na lipu yako ya zamani inawezekana iliharibika hivyohivyo. Tofali lisafishwe vumbi kwa brashi, lilowekwe jioni, asubuhi linyunyiziwe tena hadi liwe na unyevu bila maji kuchuruzika. Tofali kavu kwa joto la Dar linanyonya maji yote ya lipu kabla saruji haijashika. Kisha arushe kwa mwiko uji mzito wa saruji na mchanga wenye punje kubwa, ukiwa umetiwa ile dawa nyeupe ya majimaji ya kushikisha, uso ubaki na vipele. Usiku mmoja. Kesho yake lipu ya kwanza ya sentimita moja, aichore mistari ikiwa bado laini. Siku inayofuata ya pili, anyooshe kwa rula ya alumini na pima maji, asugue kwa ubao, aishie hapo. Niru, ule uji wa saruji wa kulainisha uso, asipige kabisa. Najua mikono inamwasha kulainisha, ukuta uliong'aa ndio sifa ya fundi, lakini gundi inataka uso wenye ukali.

Viraka vya ukuta wa sebuleni ni utaratibu uleule.

Baada ya hapo maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7, mlango umefungwa upepo usikaushe. Halafu ikauke. Kwa lipu ya saruji na mchanga nasubiri wiki mbili tangu ipigwe ndipo nibandike, kwa sababu inaponywea inasogea, na kunywea kwingi ni kwa siku hizo za mwanzo. Ukuta wa sebuleni ambao lipu yake ni nzima hauna haja ya kusubiri hivyo, huo anaweza kuanza nao wakati huu mwingine unakomaa, akiruka penye viraka.

Kama mama atafika kabla, aoge humohumo. Mwekee kiti cha plastiki na ndoo. Maji hayaidhuru lipu yenye wiki moja, siku za mwanzo mlikuwa mnaimwagilia wenyewe. Kinachodhuru ni sabuni na mafuta kubaki ukutani, kwa hiyo kabla ya kubandika ukuta uoshwe kwa brashi na maji safi, ukauke.

Kijana_wa_Ubungo:

Fundi, na mimi jikoni nataka kuongeza marumaru hadi juu. Ukuta umepigwa puti nyeupe ya jipsamu na rangi ya maji. Nabandika juu yake moja kwa moja?

Fundi_Mtoni_Kijichi:

Hapana kaka. Gundi ingeshika rangi, na rangi imeshika puti, na puti ni ngozi tu. Tena jipsamu na saruji ya kwenye gundi zikikutana penye unyevu zinazaa chembe zinazovimba, marumaru inasukumwa kutoka nyuma ingawa siku ya kwanza ulikuta imeshika vizuri. Puti ni nyembamba, ilowanishe kwa sponji, subiri ilainike, kwangua hadi uione lipu ya kijivu. Kisha donoa lipu kwa ncha ya tindo, vidonda vidogo vidogo, ufute vumbi.

Mama_wa_Segerea:

Fundi Mungu akubariki. Habari ya bomba la kushikilia hata sikuifikiria, nimempigia simu mama amecheka, amefurahi. Yamebaki mawili. Kuna dawa ya kuzuia maji, je, niinunue au lipu mpya inatosha? Na fundi wangu anaziloweka marumaru kwenye beseni tangu asubuhi, ni sawa?

Fundi_Mtoni_Kijichi:

Inunue kwa ajili ya ukuta wa bomba la mvua na sakafu. Lipu na grauti vyote vinapitisha maji, polepole. Chukua ile yenye unga na majimaji yake ya kuchanganya. Kona zote na kuzunguka midomo ya bomba zianze kupakwa na kuwekewa utepe wa wavu. Kisha ukuta mzima mikono miwili, wa kwanza brashi iende juu na chini, wa pili iende kulia na kushoto, ili tundu lililoachwa na mkono wa kwanza lifunikwe. Ipande hadi mita 2 penye bomba la mvua, na chini ishuke na kuingia sakafuni. Ipakwe lipu ikishakauka, nayo isubiriwe kama mfuko unavyosema kabla ya gundi.

Kuloweka ni kwa wanaobandika kwa saruji tupu. Kwa gundi azitoe kwenye beseni sasa hivi, zikauke, afute tu vumbi mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu. Hapohapo fanya jaribio: dondoshea maji mgongoni mwa iliyo kavu. Yakinywewa haraka, gundi ya kawaida ya ukutani inafaa. Yakikaa juu bila kunywewa, hizo ni zile ngumu zisizonyonya, na mfuko wa gundi lazima uwe umeandikwa kwamba unazifaa. Saruji tupu kwa hizo usimkubalie.

Malipo ya lipu mpe, ni haki yake, ni kazi tofauti. Patana kwa mita ya mraba na umlipe kwa awamu: sehemu baada ya wewe mwenyewe kuigonga lipu mpya ikiwa imekauka, sehemu baada ya kugonga marumaru. Apake gundi ukutani kwa mwiko wa meno, mistari ielekee upande mmoja, na mgongo wa marumaru nao aupake nyembamba. Madonge matano ya gundi nyuma ya marumaru yasiwepo. Mwambie abandue moja ya mwanzo ikiwa bado mbichi mkaitazame wote wawili, gundi iwe imeenea mgongo mzima hadi kwenye pembe.

Na asubuhi ya kubandika, kabla hajafungua mfuko, simamisha rula ya mita 2 ukutani, wima, kisha mlalo, kisha mshazari. Uwazi chini ya rula ukizidi milimita 3 popote, parekebishwe kwanza.